Duka linaloonya: F-Droid na sentensi zake kwa Kiswahili

Ukifungua ukurasa wa programu ndani ya F-Droid, duka la programu huria za Android, yaani zile ambazo msimbo wake, maandishi ya mwanaprogramu yanayoiunda programu, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadili, mara nyingine utakuta sehemu inayoonya. Itakuambia kwamba programu hii ina matangazo, au kwamba inafuatilia nyendo zako, au kwamba haifanyi kazi bila huduma ya kampuni fulani ambayo msimbo wake hakuna mtu wa nje anayeweza kuusoma. Programu haijazuiwa, na kitufe cha kuisakinisha kipo palepale. Duka limekwambia linachokijua, uamuzi limekuachia wewe.

Sentensi hizo chache ndizo kisa ninachokichambua hapa. Zikitafsiriwa vibaya, au zikibaki kwa Kiingereza kwenye simu ya mtu asiyekisoma vizuri, kazi yote iliyozitangulia inakuwa imeishia njiani. Na kazi hiyo ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

F-Droid ilianzishwa na Ciaran Gultnieks mwaka 2010, miaka miwili baada ya Google kufungua Android Market, duka ambalo mwaka 2012 lilibadilishwa jina likawa Google Play. Hakuanzia kwenye ukurasa mtupu. Programu ya kwanza ya F-Droid kwenye simu ilitokana na msimbo wa Aptoide, duka jingine lenye asili ya Ureno, na hilo liliwezekana kwa sababu msimbo huo ulikuwa huria. Leo programu ya simu iko chini ya leseni ya GPL na zana za seva ziko chini ya AGPL, zote leseni za programu huria, kwa hiyo chuo, hospitali au mafundi watano waliokodi chumba kimoja wanaweza kufungua duka lao la namna hiyohiyo bila kumwomba mtu ruhusa.

Tofauti yake na maduka makubwa iko jikoni. Kwenye Google Play mtengenezaji huleta programu iliyokwisha kupikwa, na maelezo kuhusu data inazokusanya huyajaza yeye mwenyewe. F-Droid huchukua msimbo wa chanzo na kuupika upya, yaani kuujenga kuwa faili linaloweza kusakinishwa. Kila programu ina faili fupi la maelekezo, la muundo wa maandishi uitwao YAML, linalohifadhiwa hadharani kwenye GitLab, tovuti ya kuhifadhia msimbo, katika mradi unaoitwa fdroiddata. Humo mmeandikwa msimbo unapatikana wapi, ni toleo gani lichukuliwe, na lijengwe vipi. Zana za seva za F-Droid, zinazoitwa fdroidserver na zilizoandikwa kwa lugha ya Python, zinafuata maelekezo hayo. Kabla ya ujenzi, kikaguzi kinapekua msimbo kutafuta vipande vilivyofungwa, kwa mfano maktaba za Google Play Services au Firebase. Kikivikuta, kazi inasimama mpaka vitolewe.

Kisha inakuja saini, muhuri wa kidijitali unaothibitisha programu imetoka kwa nani. Kwa kawaida F-Droid hutia saini yake yenyewe kwenye programu iliyoijenga. Lakini pale ambapo matokeo ya ujenzi wake yanalingana baiti kwa baiti na ya mtengenezaji, programu inaweza kutolewa ikiwa na saini ya mtengenezaji, na yeyote mwenye muda anaweza kurudia ujenzi huo na kuhakikisha. Njia hii ina gharama. Toleo jipya huweza kuchukua siku kadhaa kufika dukani tangu mtengenezaji alitoe, na linapokuwa toleo la kuziba tundu la usalama, siku hizo zinauma. Ninalisema hili kwa sababu wanaoipenda F-Droid, nami ni mmoja wao, mara nyingi tunalipita haraka.

Basi onyo likionekana kwenye ukurasa, maana yake kuna watu walioutazama msimbo, wakakubaliana hadharani kwamba jambo fulani limo, na wakaliandika kwenye faili ambalo kila mtu anaweza kulisoma. Uzito huo wote hauonekani kwa macho. Anayeshika simu anaona sentensi tu.

Mfasiri haingii jikoni. Anaingia Weblate, jukwaa la tafsiri lililoanzishwa na Michal Čihař wa Ucheki mwaka 2012, nalo pia ni programu huria. Anapewa sentensi moja moja kwa Kiingereza, anaandika ya kwake, anaenda inayofuata. Anachoandika huhifadhiwa kwenye faili la XML ndani ya folda ya lugha yake, kwa Kiswahili values-sw, kisha huingizwa kwenye msimbo wa mradi kama mchango wa mwanaprogramu mwingine yeyote. Napenda usawa huu. Mwalimu wa Kiswahili wa Songea ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa Java, lugha ya kuandikia programu, anaweza kuchangia kwenye programu ileile aliyochangia mhandisi wa Berlin.

Ila ugumu unaanza mapema. Neno la kwanza ni "free". Wanaozungumza Kiingereza wamehangaika nalo kwa miongo, maana linabeba kutolipia na linabeba uhuru, na kila mara inabidi waeleze ni lipi wanalokusudia. Sisi tuna bure na tuna huria. Tena huria yetu imetumika kwa upana: tuna soko huria, na tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kwa Kiingereza kinaitwa "Open". Kwa hiyo ule mvutano wa muda mrefu kati ya waliochagua kusema "free software" na waliochagua "open source", kwa Kiswahili unakosa hata maneno ya kuupigania, maana programu huria inawatosha wote wawili. Hii ni faida tuliyopewa na lugha, na tunaipoteza mara moja mfasiri akiandika bure. Bure imechoshwa na matangazo. Mtu akisoma "programu za bure" anafikiria bando la ofa linaloisha saa sita usiku, na anajiuliza mtego uko wapi.

Neno la pili ni "repository", mahali F-Droid inapochukua programu. Wengine huandika hazina, lakini hazina ni mali iliyofichwa au wizara inayoshika fedha. Wengine huandika hifadhi, na hapo Mtanzania anaona tembo. Ninapendekeza bohari. Tanzania kila mtu anaifahamu Bohari ya Dawa: mahali ambapo vitu hupokelewa, hukaguliwa, huwekwa kwa mpangilio na kugawiwa kwenda kwingine. Ndiyo kazi hasa ya kitu hiki. Mtumiaji anaweza kuongeza bohari nyingine kwenye simu yake, na sentensi "Ongeza bohari" inaeleweka bila maelezo ya pembeni. Zile seva zinazobeba nakala za bohari hiyohiyo ili kupunguza msongamano, ambazo Kiingereza huziita vioo, ziitwe nakala za bohari. Kioo kwenye simu kinavunjika, na fundi anakibadilisha.

Kuna jingine dogo lakini la hatari. Unapoongeza bohari, programu hukuonyesha mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoutambulisha ufunguo wake, ule wa kutilia saini, ili ulinganishe na ule uliochapishwa na wenye bohari. Kiingereza huuita alama ya kidole. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, na Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Baada ya hapo, ukimwandikia Mtanzania "Thibitisha alama ya kidole" kwenye skrini ya simu, ataweka kidole. Ataona hakuna kinachotokea, atabonyeza kuendelea, na ulinganisho uliokuwa umlinde hautafanyika. "Linganisha utambulisho wa ufunguo" ni maneno makavu, lakini hayampeleki mtu kusiko.

Sasa tuje kwenye maonyo yenyewe. Kichwa chake kwa Kiingereza ni "Anti-Features", neno la kuungwa lisilo la kawaida hata kwa wenyewe. Maana yake ni sifa iliyowekwa kwenye programu kwa makusudi, inayofanya kazi kama ilivyopangwa, ila haimtumikii mwenye simu. Ukiiita dosari au kasoro, umemsingizia fundi kwamba kakosea, wakati hakukosea: matangazo yapo kwa sababu alitaka yawepo. Ukiiita madhara, umetia chumvi, kwa sababu programu ya ramani inayotegemea seva ya kampuni haimdhuru mtu kwa hilo peke yake. Tahadhari inakaribia, na ni fupi, lakini haisemi jambo lenyewe ni la upande gani. Tahadhari hubandikwa hata kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Ninachokiona kinafaa ni "Yasiyo kwa faida yako". Nakubali ni kirefu kuliko Kiingereza, na msanifu wa skrini anaweza kununa. Lakini kinasema kitu kamili: kuna mambo humu, na mambo hayo hayakuwekwa kwa ajili yako. Anayesoma anajua ameambiwa nini kabla ya kufika kwenye orodha.

Orodha yenyewe inadai uangalifu zaidi. Sentensi ya ufuatiliaji kwa Kiingereza inasema programu inafuatilia shughuli zako na kuziripoti. Tafsiri ya haraka ni "Programu hii inafuatilia na kuripoti shughuli zako". Kila neno liko sahihi kwenye kamusi, na sentensi nzima haisemi lolote. Kuripoti kwetu ni kufika: mwanafunzi anaripoti shuleni, askari anaripoti kituoni. Au ni kutangaza habari redioni. Kinachokosekana ni yule anayepelekewa. Lugha yetu inayo njia ya kumtaja kwa kauli ya kutendea, na hapa ndipo pa kuitumia: "Programu hii hufuatilia unachofanya na kuwapelekea wengine habari zako." Kitenzi kilichokuwa kimeelea sasa kina mtoaji, kinachotolewa na mpokeaji. Mama anayeuza mitumba Karume hahitaji semina ili aielewe.

Vivyo hivyo kwa ile inayosema msimbo wa juu ya mto haukuwa huria kwa ukamilifu. Kiingereza kinauita mradi wa asili "upstream", juu ya mto, na mfasiri asiyejua ataandika mkondo wa juu. Inatosha kusema: "Msimbo wa watengenezaji wenyewe si huria wote." Na ile ya programu yenye tundu la usalama linalofahamika, naomba isilainishwe. "Programu hii ina tundu la usalama linalojulikana" inasomeka kama taarifa ya kitaalamu. Ningeongeza "na halijazibwa".

Mpaka hapa ni maneno. Kuna upande mwingine ambao mfasiri peke yake hauwezi, nao ni ngeli. Mwanaprogramu anayefikiri kwa Kiingereza huandika lebo moja "All", akaitumia sehemu tatu. Kwetu zote ni za programu, yote ni ya masasisho, vyote ni vya vipengele, wote ni wa watu. Ikiwa msimbo una ufunguo mmoja, yaani jina moja la kuiitia lebo hiyo, kwa sehemu zote, hakuna jibu litakalokuwa sahihi kila mahali, hata mfasiri awe gwiji. Dawa yake iko kwa mwanaprogramu: atenganishe funguo, na aweke maelezo yanayosema lebo inakaa wapi. Mfasiri anachoweza kufanya ni kuandika maoni chini ya sentensi hiyo Weblate na kueleza tatizo kwa mfano, na kazi hii ya kulalamika kwa mpangilio ina thamani sawa na tafsiri mia.

Mfano mwingine ni hesabu. Weblate humpa mfasiri wa Kiswahili visanduku viwili, cha kimoja na cha zaidi ya kimoja. Kwa kuwa programu haibadiliki katika wingi, mtu anaweza kunakili sentensi moja kwenye visanduku vyote viwili na kuendelea. Matokeo yake simu inaandika "Programu 5 imesasishwa". Jina halikubadilika, kitenzi kilitakiwa kubadilika: programu 1 imesasishwa, programu 5 zimesasishwa. Mwarabu hupewa visanduku sita na Mjapani kimoja, kwa hiyo viwili vyetu si mzigo.

Halafu kuna "by", inayotangulia jina la mtengenezaji. Ukiandika "na" ukaacha hapo, skrini itasoma jina la programu, kisha na, kisha jina la mtu, kana kwamba ni marafiki wawili. "Imetengenezwa na" ndiyo iliyo salama. Na jina la programu linapoingizwa katikati ya sentensi, litanguliwe na neno programu, maana mtengenezaji anaweza kuiita kitu chochote, na kitenzi kitakosa cha kupatana nacho.

Kwenye vitufe sina ubishi mkubwa. Sakinisha, Sasisha, Ondoa, Fungua, Ghairi: hivi ndivyo simu zenye Kiswahili zinavyoandika tayari, na watu wameshavizoea. Wapo wanaotaka "Weka" badala ya "Sakinisha", na kwa masikio yangu ni neno tamu zaidi. Lakini duka dogo likijitenga kwenye kitufe kinachobonyezwa kila siku, anayeumia ni mtumiaji. Vilevile sioni haja ya kugawanya tafsiri ya Kenya, ya Tanzania na ya Kongo kwa sasa. Android ina nafasi ya kufanya hivyo, lakini watu wa kuijaza hawapo wengi kiasi hicho, na faili moja lililokamilika ni bora kuliko matatu yenye mapengo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili kimoja, na maneno yalisomeka pande zote za mpaka.

Maelezo ya programu zenyewe, yaani kile mtengenezaji anachosema kuihusu, hayako kwenye tafsiri ya duka. Yanakaa kwenye msimbo wa kila programu, katika folda ya lugha, na F-Droid huyachukua humo. Muhtasari una nafasi ya herufi 80. Kwa programu kama AntennaPod ya kusikiliza podikasti au OsmAnd ya ramani, kazi hiyo inafanywa kwenye miradi yao, na ni nzuri kwa anayeanza kwa sababu ni sentensi mbili tatu.

Kipengele kimoja cha F-Droid ninakionea huruma kwa jinsi kilivyofichwa nyuma ya jina lisilosema kitu. Simu mbili zilizo karibu zinaweza kupeana programu kwa Wi-Fi au Bluetooth bila kutumia intaneti. Kiingereza kinaita kubadilishana. Lakini huku mitaani watu hawabadilishani, wanarushiana: "nirushie wimbo," "nirushie ile app." Bando ni ghali, na kurushiana programu ni desturi ya miaka mingi. "Rushia aliye karibu" kingekuwa kitufe ambacho kijana wa Mwanza anakitambua papo hapo, na ninaamini kingetumika zaidi.

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizoidhinishwa nayo zitahitaji kila programu inayosakinishwa, hata iliyotoka nje ya duka lake, iwe ya mtengenezaji aliyethibitisha utambulisho wake kwao. Mpango ni kuanza Septemba 2026 katika Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea duniani kuanzia 2027. Mwezi uliofuata F-Droid ilijibu hadharani kwamba sharti hilo linaweza kuumaliza mradi: haiwezi kuwalazimisha watengenezaji kujisajili kwa Google, wala haiwezi kujitwalia utambulisho wa programu za watu wengine. Novemba Google ikasema itaandaa njia ya pembeni kwa watumiaji wazoefu wanaokubali kubeba hatari wenyewe, baada ya kupita kwenye maonyo.

Kwa hiyo mtumiaji wa Kiswahili anaweza kukutana na maonyo mawili kwenye simu moja. La kwanza ni la kampuni, likimwambia programu hii haijulikani ni ya nani. La pili ni la F-Droid, likimwambia programu hii inafanya nini, kwa kuwa msimbo wake umesomwa. La kwanza litakuja kwa Kiswahili kilichoandaliwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. La pili litakuja kwa Kiswahili ambacho tutakuwa tumekiandika sisi wenyewe, au litabaki Kiingereza, na atakayebakia na moja analolielewa atalifuata hilo.

Mwenye saa moja ya Jumamosi asianzie mwanzo wa faili. Aanze na sentensi za maonyo, aende kwenye zile za ufunguo wa bohari, kisha wingi na umoja, na mipangilio aiache mwisho. Akimaliza maonyo, aiweke simu kwenye Kiswahili, afungue ukurasa wa programu yenye onyo, ampe mtu ambaye hajawahi kuiona kwa Kiingereza, na amuulize programu hii itafanya nini. Akijibu "itawapa watu habari zangu," sentensi imepita. Akijibu "itaripoti," irudishwe Weblate siku hiyohiyo.